Asipewe Kitu cha Muda Mrefu

Mwisho wa mwezi ukumbi wa benki ulikuwa haupitiki. Watu walijaa mpaka mlangoni. Waliopata viti walivikalia kama urithi, na waliokosa waliegemea ukuta, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba mkononi na macho juu kwenye tarakimu nyekundu. Viyoyozi vilikuwa viwili. Kimoja kilipuliza hewa, kingine kilipiga kelele tu.

Dawati la tatu la mikopo lilikuwa la Bi Maoni. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana kwenye ile nafasi ya "maoni ya afisa" wao waliandika neno moja au mawili, lakini yeye aliandika mpaka nafasi ikaisha, akapandia pembeni mwa karatasi. Siku hiyo alivaa gauni la rangi ya damu ya mzee, nywele kazifunga nyuma, na chini ya meza viatu keshavivua kwa siri, kwa sababu vilimbana tangu asubuhi.

"Mia moja kumi na nne!" akaita.

Akaja kijana mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, begi begani. Alitoa harufu ya sabuni.

"Karibu kiti, kaka. Unaomba mkopo wa nini?"

Kijana akasita kidogo. "Wa nyumba."

"Unakaa wapi?"

"Sasa hivi?"

"Kwani kuna lini nyingine?"

"Hotelini. Tangu juzi."

"Na kabla ya juzi?"

Akaanza kutaja. Mji huu miezi minane, mji ule mwaka mmoja, kwingine miezi mitano. Bi Maoni aliandika mpaka mistari ya anwani ikamwishia. Makazi sita katika miaka mitano.

"Unakimbia nini, kaka? Wenye nyumba au mke?"

"Mke sina. Nakimbizwa na kazi."

Alijibu kila swali bila kukwepa, hata yale ambayo watu huyatilia chumvi. Bi Maoni akabana kikaratasi cha namba kwenye pembe ya fomu kwa pini, kama alivyofanya kwa kila mteja, kisha akainama kuandika maoni yake.

"Naweza kusoma?" kijana akauliza.

"Maoni ya afisa hayasomwi na mwombaji. Leta hati ya mshahara."

Badala ya hati, kijana akatoa barua yenye muhuri wa makao makuu. Ndiye fundi wa mifumo aliyetumwa kuweka kompyuta zitakazosoma maombi ya mikopo na kuyaamua zenyewe. Barua ilisema atakaa tawi hilo miezi mitatu, ajifunze kazi kwa afisa mwenye uzoefu kuliko wote. Afisa huyo alikuwa yeye, Bi Maoni.

"Yaani umekaa foleni saa nzima, umenimalizia wino, na hutaki hata mkopo?"

"Nilitaka kujua foleni inauma kiasi gani."

"Na imeuma?"

"Mpaka nilipoitwa."

Bi Maoni alikasirika kwa muda usiofika dakika moja. Fomu akaitupia kwenye trei pamoja na nyingine zilizokataliwa, akainama kutafuta viatu vyake.

Wakapewa chumba cha nyuma chenye dirisha moja na makabati manne ya faili. Kutwa nzima walikaa bega kwa bega. Yeye alifungua faili na kueleza kwa nini alimkubali huyu na kumkataa yule, na fundi aligeuza maelezo hayo kuwa kanuni. Ilikuwa kazi kavu, lakini haikuwakausha.

"Huyu kinyozi," fundi alisema siku moja, "mapato yake yanapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Hana dhamana. Kwa nini ulimpa?"

"Nilikwenda kuona duka lake. Lilikuwa na viti viwili, na watu saba wakisubiri. Kulikuwa na duka jingine la kinyozi ng'ambo ya barabara, tupu, na hakuna aliyevuka."

"Mfumo hauwezi kwenda kuona viti."

"Basi ufundishe kusema haujui. Hata mtu mzima akisema hajui hapungukiwi."

Fundi akayaandika maneno hayo. Kesho yake akaja na jibu la tatu. Mfumo ungesema KUBALI, ungesema KATAA, na pale usipokuwa na hakika ungesema MUULIZE MTU.

Kufika mwezi wa pili Bi Maoni alikuwa akimwita fundi Kumi na Nne, naye akimwita Mwalimu. Bi Maoni alijua fundi anapenda chai ya moto wa kuunguza, na fundi alijua kwamba Mwalimu akiwaza huvua viatu. Jioni walipoachana kituoni, kila mmoja alifika kwake na kukuta simu inaita.

"Umefika?"

"Nimefika. Wewe?"

"Niko hotelini natazama ukuta. Umepakwa rangi ya uji. Niambie kitu, mpenzi, nisiutazame huu ukuta."

Hapo ndipo fundi alipomwita mpenzi kwa mara ya kwanza, kwa bahati tu, katikati ya habari za ukuta.

"Umesemaje?" Bi Maoni akauliza.

"Nimesema ukuta una rangi ya uji."

"Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo nilisema ukweli."

Mama yake Bi Maoni, aliyekuwa akichagua mchele mezani, akainua macho. "Unacheka na nani?"

"Mtu wa kazini, Mama."

"Kazi hiyo iendelee," mama akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Benki ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa: afisa haamui faili la mtu wake. Zamani likija faili la shemeji au binamu, afisa alilisukuma dawati la jirani na kutaja uhusiano kwa sauti, wenzake wasikie. Fundi akalitia hilo nalo kwenye mfumo. Kila faili lingeanza na swali moja: Je, una uhusiano na mwombaji?

"Orodha yako ina uhusiano gani?" Bi Maoni akamuuliza kwenye simu.

"Mzazi, mtoto, ndugu, mkwe, mwenza, mchumba."

"Rafiki je?"

"Rafiki hahesabiwi. Rafiki unamwamulia tu."

"Sisi tuko wapi katika hiyo orodha yako, Kumi na Nne?"

Akasikia pumzi upande wa pili. "Hapo pako wazi. Acha nimalize mfumo, nitapajaza."

Wiki moja kabla ya majaribio, makarani walikesha siku moja wakiingiza mafaili yote ya karatasi kwenye kompyuta, ya miaka kumi na moja, hata yaliyokataliwa. Siku ya majaribio wakubwa walikuja kutoka makao makuu wakiwa wamevaa tai, chumba cha mkutano kikajaa, na majibu yakaonyeshwa ukutani kwa herufi kubwa. Meneja wa tawi, mtu wa tumbo na vichekesho, alikuwa akibonyeza namba yoyote inayomjia kichwani. Kubali. Kataa. Muulize mtu. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kisha likatokea faili la Kumi na Nne mwenyewe.

Jina lake, makazi yake sita, na neno KATAA. Chini yake maoni ya afisa: *Mkweli. Anaongea vizuri. Lakini hakai. Asipewe kitu cha muda mrefu.* Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, tarehe.

"Fundi kakataliwa na kompyuta yake mwenyewe!" Meneja akapiga kelele, na chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Maoni naye alicheka, tena kuliko wote, mpaka machozi yakamtoka, kwa kuikumbuka ile siku ya kwanza, gauni la damu ya mzee na viatu chini ya meza. Fundi alicheka mwisho, na kicheko chake kilikuwa kifupi. Akabonyeza faili jingine.

Jioni Meneja akamwita Bi Maoni ofisini na kufunga mlango. Madawati sita ya mikopo yangebaki moja, lake. Wenzake watano walikuwa na mwezi mmoja wa kutafuta pa kwenda. Akatoka pale, na hapo hapo kwenye ngazi simu ikaita.

"Mwalimu." Sauti ya fundi ilikuwa chini. "Yale uliyoyaandika. Bado unayaamini?"

Kwa Bi Maoni, aliyoyaandika yalikuwa miaka kumi na moja ya kalamu yake, ambayo sasa imewafukuza watu aliokula nao chakula cha mchana kila siku. Alidhani fundi anatafuta kutulizwa moyo, aambiwe kazi yao ni njema.

"Nilichoandika nimeandika," akasema. "Sifuti hata nukta."

Kisha fundi akasema, "Haya. Nimeelewa."

Asubuhi yake chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Kikombe cha fundi kilikuwa kimeoshwa na kufudikizwa juu ya kabati. Meneja alisema ameomba apelekwe tawi la mji mwingine, mbali sana, na gari lilimchukua saa kumi na mbili.

Bi Maoni alingoja siku tatu, kwa kiburi. Siku ya nne akakimeza kiburi na kupiga. Namba haikupatikana. Akakumbuka fundi alivyomwambia kwa utani kwamba kila mji anaohamia hununua laini mpya ya simu. Basi akajiambia maneno ambayo kila aliyeachwa hujiambia: alikuja kuchukua kitu, amekichukua, ameondoka. Alijiambia hivyo asubuhi akipiga mswaki na mchana akila peke yake. Hayakumwingia.

Miezi saba ilipita. Ukumbi ulibaki na viti vinne, maana watu sasa waliomba mkopo kwa simu wakiwa wamekaa makwao. Mashine ya kutoa namba iliondolewa, ukutani pakabaki mashimo manne ya skrubu. Yeye alikaa peke yake nyuma ya ukuta mfupi wa mbao, na mafaili ya MUULIZE MTU yalimjia moja moja. Kila aliposoma maneno hayo matatu alimsikia mtu mmoja tu. Alimtamani kwa namna ya aibu kabisa. Alikitamani kiwiko chake kilichokuwa kikimgusa wakigeuza karatasi, akatamani hata malalamiko yake kuhusu rangi ya ukuta. Nyumbani simu alikuwa akiiweka mezani, skrini juu.

"Unaiangalia simu kama maziwa yaliyoko jikoni," mama yake akamwambia. "Piga, mwanangu."

"Hapatikani, Mama."

"Mtu anayetafutwa kweli hupatikana."

Ndipo siku moja akaja mama mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni, barua mkononi, na hasira.

"Mwanangu, barua yenu inasema niliomba mkopo tarehe kumi na nane mwezi wa sita. Tarehe kumi na nane nilikuwa nimelazwa! Niliomba miaka miwili nyuma, na wewe ndiye uliyeniandikia. Nani huyo amekuja na jina langu?"

Bi Maoni akafungua faili. Tarehe kumi na nane mwezi wa sita. Akafungua la kinyozi. Tarehe hiyo hiyo. Akafungua jingine, na jingine. Miaka kumi na moja ya karatasi, yote imeandikwa kwa siku moja. Mfumo haukusoma tarehe iliyo kwenye fomu. Uliweka siku ambayo karani aliingiza faili.

"Hakuna aliyekuja na jina lako, mama. Ni kosa letu," akasema, macho bado kwenye ile tarehe.

Tarehe kumi na nane mwezi wa sita ilikuwa wiki moja kabla ya majaribio. Wakati huo walikuwa wakiitana mpenzi bila kujificha. Akaandika jina la Kumi na Nne. Maoni yale yale, na chini yake, kwa herufi ndogo, tarehe hiyo.

Siku ya kwanza fundi alikatazwa kuyasoma. Kwa hiyo alipoyasoma ukutani mbele ya wakubwa, aliyasoma kama maneno ya juzi, ya mwanamke aliyemshika mkono kituoni Jumatatu na Jumanne akaandika kwamba asipewe kitu cha muda mrefu. Kosa la mikono yake mwenyewe lilimdanganya, na hakulishtukia. Na mwanamke huyo alikuwepo, akicheka mpaka machozi. Na alipoulizwa akasema hafuti hata nukta.

"Mungu wangu," Bi Maoni akasema kwa sauti.

"Ni kubwa kiasi hicho?" mama fundi cherehani akauliza, sasa kwa huruma.

Alimtengenezea barua mpya, akamsindikiza mlangoni, kisha akashuka stoo mbio mbio, viatu mkononi. Alipekua maboksi mpaka gauni likageuka rangi kwa vumbi. Fomu ilikuwepo. Kwenye pembe yake, kwa pini iliyoanza kushika kutu, kikaratasi cha namba: 114. Chini ya namba mashine ilikuwa imechapa siku, mwezi na saa. Siku ya kwanza kabisa, saa tano kasoro robo.

Meneja alimkuta kwenye ngazi, fomu kifuani. Akaitazama, akamtazama na yeye, na mara hii hakutania.

"Unajua wakubwa walitaka majibu mawili tu? Ndiyo na hapana," akasema. "Ile Muulize Mtu waliikataa mara mbili. Kijana akawaambia bila hiyo hawekei mtu mfumo. Dawati lako liko pale kwa ajili yake. Nilidhani alikwambia."

"Hakuniambia."

"Basi mwambie wewe."

Namba mpya ya fundi hakuwa nayo. Lakini ripoti zote za hitilafu, kutoka matawi yote, zilikwenda kwa fundi aliyeujenga mfumo, popote alipo. Bi Maoni akakaa, akafungua ukurasa wa hitilafu, akapiga picha fomu na kikaratasi chake, akaandika:

*Tarehe za mafaili yote ya karatasi si sahihi. Mfano: faili hili. Maoni yaliandikwa siku ya kwanza, dakika ishirini baada ya afisa kumwona mwombaji, kabla hajamjua. Afisa hakuyaona tena mpaka siku ya majaribio, na alicheka kwa sababu alidhani mwombaji naye anaikumbuka siku hiyo. Afisa alisema hafuti hata nukta. Anaomba kufuta yote.*

Palikuwa na swali la kiwango cha dharura, kuanzia moja hadi tano. Akachagua tano. Akatuma kabla moyo haujamgeuka.

Siku tisa hakuna kitu. Siku ya kumi ukaja ujumbe: *Hitilafu imepokelewa. Tarehe zimerekebishwa.* Akafungua mafaili. Kweli, kila karatasi ilikuwa imerudishiwa siku yake. Alisoma ujumbe ule mara nyingi, akitafuta neno la ziada. Halikuwepo. Wakati wa chakula cha jioni mama yake akamwongezea mchuzi bila kuuliza.

Wiki ya pili ikapita, na ya tatu. Jumatatu moja asubuhi, chai yake bado inatoa moshi, skrini ikawaka: MUULIZE MTU.

Jina lilikuwa lake. Kumi na Nne.

Akavua viatu. Akasoma taratibu kwa sababu macho hayakutaka kutulia. Kazi: fundi wa mifumo, amehamia tawi hili kwa ombi lake mwenyewe, ajira ya kudumu. Makazi ya sasa: mtaa wa nyuma ya benki, siku nne. Mfumo ulikuwa umesita hapo. Kwa mtu aliyehama mara saba, siku nne hazikuwa kitu cha kutegemea. Sababu ya mkopo: *Nyumba ya watu wawili. Mmoja bado hajaulizwa.*

Na juu ya yote, kabla faili halijamruhusu kuandika neno lolote, swali: Je, una uhusiano na mwombaji?

Akijibu hapana, faili ni lake, anaweza kulikubali kwa kidole kimoja, na akaendelea kungoja aulizwe kama watu wengine wanavyoulizwa. Akijibu ndiyo, faili linamtoka mikononi, linakwenda kwa afisa asiyemjua, ambaye huenda akalikataa. Na jibu lake litasomwa na mwombaji, na makao makuu, na halifutiki. Naye alikuwa hajaulizwa. Zaidi ya miezi minane hakuwa amesikia hata sauti yake.

Alikaa mkono juu ya kipanya. Aliwaza siku tisa na wiki tatu, akawaza kikombe kilichofudikizwa. Kisha akajikaza kisabuni, akabonyeza ndiyo. Orodha ikafunguka. Mzazi, mtoto, ndugu, mkwe, mwenza.

Mchumba.

Akabonyeza. Faili likatoweka.

Nje, ukumbini, simu ya mtu ikalia mlio wa ujumbe.

Bi Maoni akainuka pekupeku. Kwenye kiti cha nne, karibu na mashimo manne ya skrubu, alikaa kijana mrefu katika shati jeupe lililokunjwa mikono, amekonda kidogo, anasoma simu yake. Alisoma, akasoma tena. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa na hakuyaficha.

"Wamesema ombi langu limehamishwa," akasema. "Kwa sababu ya uhusiano."

"Ndiyo sheria."

"Nilikuwa nimejipanga kuuliza. Tangu saa mbili nimekaa hapa nafanya mazoezi."

"Kwa nini hukuandika hata neno moja wakati ule? Siku tisa, Kumi na Nne. Halafu wiki tatu!"

"Niliandika mengi nikafuta. Nikaona wewe maneno yangu hukuyaamini tangu siku ya kwanza, uliamini anwani. Basi nikaenda kutafuta anwani." Akasimama. "Nilikukosa, mpenzi. Kila mji niliofika nilikukosa."

Bi Maoni alitaka kusema kwamba naye pia, kila asubuhi. Akavuta kiti cha mteja mbele ya dawati lake, akazunguka na kukaa upande wake, akachukua kalamu na fomu ya zamani ya karatasi ambayo haikuwa na kazi tena.

"Karibu kiti," akasema, machozi yakimtiririka. "Unakaa wapi?"

"Hapa."

"Tangu lini?"

Fundi akageuka kuitazama saa ya ukutani.

"Tangu saa nne na dakika ishirini," akasema, "uliponijibu."